Prado 250: nani ameshalipeleka porini kweli, si kulipiga picha Masaki?

Mama_EngareSero

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo ya watu ambao magari yao yana matope. Wale wa "kuna jamaa yangu kaniambia" leo mpumzike kidogo.

Nina kambi ndogo Engare Sero, upande wa Ziwa Natron. Kazi ya gari langu ni kubeba kutoka Mto wa Mbu: mitungi ya gesi, mboga, kreti za soda, mafuta ya jenereta, na mara nyingine wageni waliokuja kupanda Ol Doinyo Lengai. Njia yenyewe mnaijua. Mawe, makorongo, halafu lile vumbi la majivu ya mlima ambalo ukifika kambini bado unalitema. Gari ni Prado 120 ya dizeli, lile la mlango wa nyuma kufunguka kwa ubavuni na tairi la spea mgongoni. Halijafa, ila limechoka. Bushi hazimalizi msimu, na chesesi imeshachomelewa sehemu ambazo fundi hapendi kunionyesha.

Nyumbani tumegawanyika. Mdogo wangu anayeuza magari Dar anasema chukua Prado 250, dunia imehamia huko. Baba watoto anataka Defender jipya, kwa sababu marehemu baba yake aliendesha 109 ya serikali na kwao Land Rover ni ukoo, si gari. Dereva wetu, mzee wa Kimeru, hana maneno mengi: mkonga, ile Land Cruiser ya 70, basi.

Nimekesha nikisoma maoni ya watu wa nje. Toyota walipolionyesha 250 Agosti 2023 walisema wanalirudisha kwenye asili yake, gari la kazi, maana Prado ilikuwa imeanza kuwa gari la kwendea harusini. Watu wa porini kule Marekani na Australia wakagawanyika palepale. Hawa wanashangilia taa za mviringo, wale wanataka za mstatili, wengine wanalilia bei, wengine wamenunia skrini. Kurasa na kurasa za taa! Mimi nikifika Engaruka taa zimeshafunikwa na vumbi, hata zingekuwa za pembetatu.

Ninachotaka kujua ni mlango wa nyuma, na hicho hakuna anayekizungumzia sawasawa. Katika 250 mlango unafunguka kwenda juu na tairi la spea limehamia chini ya tumbo. Masika yaliyopita tulizama kwenye korongo kabla ya Engaruka. Gari limelalia tumbo, tope limefika kwenye ngazi ya mlango, na jiwe limeshapasua tairi la nyuma kushoto. Spea lilikuwa mgongoni, kavu kabisa. Dereva alifungua nati, akalikumbatia, akalishusha, mimi nikatafuta ubao wa kuweka chini ya jeki, kazi ikaisha. Lingekuwa chini ningelifikiaje, nichimbe kisima?

La pili ni upana. Prado 150, lililotangulia, lilikuwa na milimita 1,885, hili lina 1,980. Karibu sentimita kumi zimeongezeka, na kuna sehemu hata 120 yangu tunakunja vioo ndipo ipite kati ya mawe.

La tatu, usukani wa umeme. Vumbi la Lengai na umeme ni marafiki kweli?

Na kuhusu Defender: ni kweli halina chesesi? Baba watoto anasema naongopa ili nishinde.

---

Fundi_Sakina

Dada, salama. Nimeshalala chini ya 250 za wateja hapa Arusha, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Ondoa hofu kwanza. Chesesi ipo, tena ni ya familia moja na ya Land Cruiser 300. Nyuma kuna ekseli nzima na koili springi, mbele kila tairi linajitegemea, mpangilio uleule wa 120 yako. Ukiliinua hutakuta kigeni. Injini ya dizeli ni 1GD lita 2.8, tunayo mikononi tangu 2015 kwenye Hilux na Prado 150. Gia boksi ndiyo imebadilika, ina gia nane.

Sasa sikiliza kitu ambacho mdogo wako wa Dar hatakutajia. Dizeli iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina tangi la AdBlue. Ni maji ya urea yanayopulizwa kwenye mfumo wa moshi kupunguza sumu. Yakikaribia kuisha gari linakuonya mapema tu, lakini ukilipuuza mpaka tangi likauke, ukizima injini haiwaki tena. Prado 150 za dizeli kutoka Japani zina tabia hiyohiyo, na nimeletewa moja ambayo mwenyewe alijaza maji ya bomba humo. Usiniulize alilipa ngapi. Kwa njia yako ya Natron, ama dumu la AdBlue linakuwa sehemu ya mzigo, ama unatafuta gari lililotengenezwa kwa soko la huku na unauliza kabla ya kulipa kama lina mfumo huo, ama unachukua la petroli lita 2.7. Hiyo 2.7 ni 2TR, injini iliyokuwepo tangu enzi za 120. Mzito kuamka, na mlimani utaisikia ikilalamika, lakini haina turubo wala urea.

Usukani wa umeme usiutukane bado. Jiwe likipiga tairi la mbele, usukani haukurushi mikono kama ule wa oili, na hakuna mpira wa kuvuja. Ubaya ni kwamba ule wa zamani ukivuja uliongeza oili ukafika nyumbani. Huu ukigoma, unavutwa.

Kitu nilichokipenda ni bampa la mbele. Limegawanywa vipande, ukigonga kisiki kwa kona unabadilisha kona peke yake, na taa zimevutwa ndani kidogo ili zisiwe za kwanza kuvunjika. Aliyechora hapo ameshawahi kugonga kitu maishani.

---

Mkonga_1HZ

1HZ, injini ya mkonga. Silinda sita, lita 4.2, haina turubo, pampu ya makanika, haijui kompyuta ni nini. Mengine mnamaliza bando.

---

Mama_EngareSero

Mkuu, mkonga naupenda kama unavyoupenda wewe. Ila wewe hujawahi kumbeba bibi wa Kijerumani mwenye mgongo mbovu juu ya springi za nyuma za mkonga, kutoka Mto wa Mbu hadi kwangu, halafu kesho yake akaandika maoni yake mtandaoni. Mimi nimeyasoma hayo maoni.

---

Mkonga_1HZ

Mpe mto akalie.

Na msidhani mkonga wenyewe umesalimika. 2023 wameugusa uso, wakarudisha taa za mviringo, na huko kwingine wakauwekea 2.8 yenye gia otomatiki. Watu wakapenda uso, wakanunia injini. Tangu 1984 hilo ndilo gari moja waliloliogopa kulichokonoa, sasa nalo wameanza.

---

Mzee_wa_109

Mwanangu, mwambie baba watoto hujaongopa. Defender la sasa halina ile chesesi ya ngazi. Bodi na chesesi vimekuwa kitu kimoja cha alumini, na kila tairi linajitegemea, mbele na nyuma. Lilipoonyeshwa Frankfurt Septemba 2019, sisi wa zamani tulifiwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 29 Januari 2016, lile la mwisho lilipotoka Solihull. Hili jipya linaundwa Nitra, Slovakia.

Sura yake siipendi mpaka leo. Hasa kile kibao cha mraba kilichobandikwa kwenye dirisha la ubavuni kwa nyuma, kinaziba kioo bila kazi yoyote. Mtu wa Land Rover anataka dirisha la kuona ng'ombe, mbunifu anamwekea pambo.

Lakini mapenzi yasinifanye nidanganye. La zamani, kitabu kiliruhusu kuvuka maji ya milimita 500. Hili lenye springi za upepo, 900. Kabla halijazinduliwa, mwaka huohuo wa 2019, walilipeleka Borana kule Laikipia, Kenya, kwa watu wa Tusk, shirika la kulinda wanyamapori, likafanya kazi za hifadhi, likavuta trela na kuvuka mito likiwa bado limefunikwa michoro ya kuficha sura. Land Rover wanadai bodi yake ni ngumu mara tatu kuliko gari la chesesi ya kawaida. Mimi nimelipanda Usambara kwa mtu mwenye nalo, ile njia ya kwenda Mtae, mvua inanyesha. Lilipanda sisi tukiongea habari za mahindi. Na 109 pale tungekuwa nje tunasukuma, mmoja anaimba, wengine wanaitikia.

Kupanda si tatizo lake. Tatizo ni siku likikataa. 109 tangi likitoboka nilisugua sabuni ya kipande kwenye tundu, nikafika Lushoto. Hili ukilisugua sabuni litakuomba nywila. Mifuko ya upepo, sensa za kimo, moduli sijui ngapi, vyote vizuri vikiwa vizima. Kwako wewe uliye mbali na fundi mwenye mashine ya kupimia, ningeogopa.

Mwambie hivyo mkwe wa marehemu... nimekosea, mwana wa marehemu. Kama anataka Land Rover ya ukoo atafute ya zamani aipake rangi, aende nayo Arusha kwenye tamasha kama lile la Oktoba 2024. Huko ndiko mahali pake. Ya kubebea gesi ni habari nyingine.

---

Mama_EngareSero

Shikamoo mzee. Nimemsomea. Amecheka pale kwenye nywila, akanyamaza pale kwenye tamasha. Sasa anauliza bei ya 109 mbovu. Mzee, umenitatulia moja na kuniletea nyingine.

---

Nanyuki_Charger

Madam, salamu kutoka Nanyuki. Mimi niko kwa timu moja ya Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini, si dereva, ni yule wa kuchomelea usiku wakati wengine wamelala. Kwa wale hawaijui: masaa kumi, vituo kumi na tatu porini, mwenye amefika vyote kwa umbali mfupi zaidi ndiye mshindi, na pesa zinaenda kwa Rhino Ark, shirika la uhifadhi. Imekuwa ikiendelea tangu 1989. Huko hakuna mtu anabishana kuhusu taa. Ikifika saa nne asubuhi, taa hazipo.

Hii maneno ya tairi chini ya gari mnaikuza. Land Cruiser 80, ile kila mtu analilia, tairi yake ilikuwa wapi? Chini. 100 je? Chini. Na hakuna mtu aliwahi kusema 80 si gari ya porini. Mimi naona watu wamezoea Prado iwe na mgongo, ikiletwa bila mgongo wanasema imeharibiwa.

Lakini kwa shida yako ya kuzama, uko na haki. Kuna watu huku wanatengeneza bampa ya nyuma ya chuma yenye mkono wa kubeba tairi. Inafanya kazi. Ubaya wake ni mbili. Uzito wote unakaa nyuma kabisa, na springi zitalalamika kabla hujapakia hata mtungi mmoja. Halafu kila saa ukitaka kufungua mlango lazima kwanza uzungushe mkono, ndio mlango uende juu. Ukiwa peke yako, upepo ukivuma, utachoka. Bahati nzuri 250 iko na kioo ya nyuma inafunguka peke yake. Nyanya, mkate, koti la mvua, unatupa kwa kioo unaenda.

Na mlango wa kupanda juu usiuchukie hivyo. Wewe unasimama njiani kulisha wageni. Ule wa ubavuni ulikupa kivuli gani saa sita mchana? Huu ni paa. Sisi tunakulia chini yake mvua ikinyesha.

Kitu mimi nimependa kwa hiyo gari ni ile kitufe ya kuachia stabilaiza ya mbele, ile chuma inazuia gari kulala kwa kona, kwa zile zimewekewa. Kwa mawe magurudumu yanashuka vizuri, kila moja inatafuta chini. Sisi tunafungua na spana kabla ya kuingia, na kila mwaka kuna mtu husahau kurudisha anaingia lami gari ikilala kwa kila kona.

Kununua sasa hivi? Hapa Kenya mtumba haifai kupita miaka nane, na 250 bado ni mbichi, bei ni ya shamba. Wengi wetu tunangoja. Wakati tunangoja tunaitukana, hiyo ni kawaida.

---

Mswahili_wa_Seeb

Assalamu alaykum jamani. Nawasoma kutoka Seeb, Oman. Mie si mtu wa matope, huku kwetu ni mchanga, lakini mabishano haya nimeyaona kwa Patrol ya Nissan tangu mwanzo hadi mwisho, hebu nikuhadithieni.

Y61 ilikuwa ndiyo Patrol. Ekseli nzima mbele na nyuma, gari la wanaume wa Wahiba, jangwa letu la mchanga. Ikaja Y62 mwaka 2010, kila tairi linajitegemea, V8 ya lita 5.6, viti vya ngozi. Watu wazima walicheka baraza nzima: hili ni la kupeleka watoto skuli. Basi miaka haikwenda mingi, wale vijana wa skuli wakalichukua hilo hilo wakaanza kupanda nalo matuta ambayo Y61 ilikuwa ikirudi nyuma mara mbili. Sasa 2024 Nissan wameleta Y63, V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, nguvu zaidi ya ile V8. Unadhani wanasema nini barazani? Wanaililia V8! Ya gari ile ile waliyoicheka.

Kwa hivyo, bibie, maneno ya wapenzi wa magari yasikize kwa sikio moja. Lakini hili la matairi lisikize kwa yote mawili. 250 kuna ya rimu 18 na kuna ya rimu 20. Usidanganywe na uzuri wa 20. Huku tukiingia mchangani twashusha upepo mpaka psi 15 hivi, na tairi la rimu kubwa ubavu wake mwembamba, ukishusha upepo na ukakuta jiwe limejificha, rimu yaukata mpira kama kisu. Na majivu ya huo mlima wenu, nilivyoyaona kwenye picha, ni mchanga huo huo ila mweusi. Chukua 18, tafuta mpira wenye ubavu mnene, na pampu ndogo ya kujazia upepo iwe ndani ya gari, si nyumbani.

Defender nalo ndogo kabisa ni 18. Hapo wote sawa.

---

Mama_EngareSero

Shukrani sana, kaka wa Seeb. Hiyo ya rimu nimeipigia mstari, maana mdogo wangu alishanitumia picha ya lenye 20 na maneno "dada hili linakufaa". Linamfaa yeye.

Nimepiga simu Njiro kwa mtu mwenye 250 la dizeli, amekubali nije nilione Jumamosi. Naenda na futi na mitungi miwili ya kilo 38, nataka kuona kama inasimama wima nyuma au lazima ilazwe, maana ikilazwa mimi silichukui. Nitapima na mkia wake, toka tairi la nyuma mpaka bampa. Kwenye kutoka korongoni huwa ni mkia unaobaki chini, si pua. Upana nao nitaupima vioo vikiwa vimekunjwa, kisha nimpe dereva vipimo aende navyo kwenye yale mawe.

Fundi, nisaidie moja tu. Lile tairi la chini linashushwaje likiwa na tope limegandamana?

---

Fundi_Sakina

Kuna fimbo ndefu ya vipande kwenye zana za gari. Unaiingiza kwenye tundu la nyuma, unazungusha, mnyororo unalishusha tairi. Tatizo la huku ni vumbi. Ule mtambo ukikaa mwaka mzima bila kuguswa unashika kutu na udongo, siku unauhitaji hauzunguki, au unazunguka tairi limebaki palepale. Kila ukileta gari kwa kubadilisha oili, waambie walishushe tairi mpaka chini, waoshe mnyororo, wapake grisi, walirudishe. Mafundi wengi hawafanyi usipowaambia.

Na ukizama vile ulivyosimulia, usihangaike nalo mle tumboni. Msimu wa masika lipandishe juu kwenye keria kabla ya kuondoka Mto wa Mbu, kiangazi lirudi chini.

---

Mama_EngareSero

Juu kwenye keria atalipandisha nani, fundi? Tairi lile na mimi uzito wetu haupishani sana, na mzee wangu wa Kimeru goti lake ni bovu.

---

Mkonga_1HZ

Mkonga una ngazi nyuma.